Istilahi Pekee Hazitoshi: Kiswahili na Ufafanuzi wa Sayansi

Mijadala mingi kuhusu Kiswahili na sayansi huanzia na kuishia kwenye istilahi. Wapo wanaodai kwamba lugha hii haina msamiati wa kemia. Wapo wanaowajibu kwa kutaja kamusi, ikiwemo ile ya biolojia, fizikia na kemia iliyotolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, Dar es Salaam, mwaka wa 1990. Pande zote mbili husahau kwamba sayansi ni maelezo ya chanzo na matokeo, wala si orodha ya majina.

Hebu itazamwe mbinu ya Sirotherm, iliyobuniwa nchini Australia ili kupunguza chumvi majini. Resini mbili hutumika pamoja: moja ya asidi dhaifu, nyingine ya besi dhaifu. Maji yakiwa na joto la kawaida, ile ya asidi huipa ile ya besi ayoni za haidrojeni. Ya kwanza hushika sodiamu, ya pili hushika kloridi, na maji hutoka yakiwa na chumvi kidogo. Resini zikishiba, hupitishiwa maji ya nyuzi 80 hivi za Selsiasi. Katika joto hilo, molekuli nyingi zaidi za maji hujitenga kuwa ayoni za haidrojeni na haidroksili, takriban mara 5 kuliko katika nyuzi 25. Haidrojeni huisukuma sodiamu itoke. Haidroksili nayo huinyang'anya besi haidrojeni yake, kloridi ikakosa pa kushikilia. Chumvi huondoka bila resini kuoshwa kwa kemikali kali.

Katika maelezo hayo, maneno ya kukopa ni machache. Mzigo umebebwa na vitenzi: kushika, kusukuma, kunyang'anya, kujitenga. Upungufu, basi, haumo katika lugha bali katika mazoea ya watumiaji wake.

Katiba ya Kenya ya 2010 iliifanya lugha hii kuwa rasmi, lakini kemia ingali inafundishwa kwa Kiingereza. Mwenye kisima cha maji ya chumvi huko pwani anastahili kuelezwa, kwa lugha aielewayo, jinsi mtambo anaouziwa unavyofanya kazi. Vyama vya wanafunzi wa Kiswahili vingeweza kuanza kwa kuandika ufafanuzi mmoja wa kisayansi katika kila toleo, ukaguliwe na mwanakemia na mwanaisimu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.