Presha Ikipanda, Usiishushe kwa Pupa!

Leo mambo ya wachumba tuyaweke kando kidogo. Tuna zito.

Tuseme uko zako Kariakoo unashushia chipsi mayai na soda, mara simu inalia. Ni mdogo wako kutoka Bugarama, kule Ngara. "Kaka, mama kapimwa zahanati, presha 210 kwa 125! Jirani ana vidonge vyake, anasema tumwekee kimoja chini ya ulimi." Utamjibu nini?

Wengi wetu tungesema wekeni haraka. Hapo ndipo kwenye noma! Mtindo wa kutoboa kapsuli ya nifedipine na kuikamulia chini ya ulimi uliwahi kuwa fasheni hata kwa madaktari. Presha ilikuwa ikiporomoka fasta, kila mtu anashangilia. Lakini mtu aliyekaa na presha miaka mingi, ubongo na moyo wake vimeshazoea damu inayosukumwa kwa nguvu. Ukiikata ghafla damu haifiki vizuri, na badala ya kupona anapigwa kiharusi au shambulio la moyo. Mwaka 1996 madaktari waliandika katika jarida la Kimarekani la JAMA wakitaka mtindo huo usimamishwe. Eti mpaka leo majirani wanagawana!

Basi usikimbilie namba peke yake. Muulize mdogo wako mama anajisikiaje. Kichwa kinapasuka na macho hayaoni vizuri? Anaongea mambo yasiyoeleweka, mdomo umeenda upande, mkono umelegea? Kifua kinabana, anahema kwa taabu, au amepata degedege? Hata dalili moja tu, hiyo ni dharura, tafuteni gari hata la kukopa hela. Hospitali ya Murgwanza iko humo humo wilayani Ngara. (Dada mjamzito asisubiri 180 wala nini, kwake 160 kwa 110 tayari ni hatari.)

Huko hospitali watampa dawa ya mshipa, na bado hawataishusha yote. Saa ya kwanza wanapunguza kama robo tu, halafu wanakwenda mdogo mdogo. Akiwa na kiharusi, daktari anaweza hata kuiacha juu kwa makusudi, kwa hiyo usimfokee kwamba hajui kazi.

Na kama mama hana dalili yoyote? Akae chini, atulie, apimwe tena. Aonwe na mganga siku hiyo hiyo, arudishiwe vidonge vyake vya kumeza, presha ishuke kwa siku kadhaa. Mara nyingi ukichunguza utakuta aliacha dawa kwa kuwa alijisikia poa, au ziliisha na hakutaka kukusumbua wewe mtu wa mjini. Dawa kama propranolol na atenolol ukiziacha ghafla, moyo unaweza kuanza kwenda mbio.

Na huo moyo una umeme wake, usishangae. Machi 17, 2021, Samia Suluhu Hassan, wakati huo Makamu wa Rais, alipotangaza kifo cha Rais John Magufuli, alisema marehemu alikuwa na tatizo la mfumo wa umeme wa moyo kwa zaidi ya miaka 10. Magufuli alizaliwa Chato, enzi hizo ikiwa ndani ya Biharamulo, na mwaka 1995 alichaguliwa mbunge wa Biharamulo Mashariki. Siku ile ndipo wengi wetu tulipolisikia jambo hilo kwa mara ya kwanza.

Presha ya muda mrefu ni moja ya vitu vinavyouharibu umeme huo. Vyumba vya juu vya moyo vinaanza kutetemeka badala ya kupiga, damu inatuama na kuganda, na bonge likichomoka likapanda kichwani, kiharusi hicho!

Kwa hiyo kabla hujakata simu, mwambie mdogo wako aweke vidole viwili kwenye kifundo cha mkono wa mama, upande wa kidole gumba, ahesabu mapigo dakika nzima. Mtu aliyetulia huwa kati ya 60 na 100, tena kwa mpangilio. Yakiwa yanarukaruka ovyo, akapimwe ECG. Na waende na pakiti za dawa zote anazokunywa, hasa zile za kukojoza, maana baadhi yake hupunguza madini ya potasiamu mwilini, na yakipungua sana mapigo ya moyo huvurugika.