Wageni wa Kipupwe

Watu wengi wa mwambao huuhesabu msimu wa kusi kuwa msimu wa taabu, na wana haki. Tangu Juni hadi Agosti kipupwe huwa kimeingia, upepo huvuma siku baada ya siku, mawimbi hupasuka mwambani kwa kishindo, na mvua za mchoo hunyesha bila ya taarifa. Mvuvi mwenye mtumbwi au ngalawa hukaa pwani akitengeneza nyavu zake, na samaki sokoni huwa ghali. Mazungumzo ya barazani huwa ni kungojea demani, bahari itulie, watu warudi kazini.

Hata hivyo, bahari iliyofungwa kwetu huwa imefunguliwa kwa wengine. Wakati huo huo nyangumi wenye nundu hupita nje ya miamba yetu, wakitoka kwenye bahari ya barafu kusini kabisa mwa dunia. Huko ndiko wanakolisha majira ya joto. Baridi ya kusini ikishika, hufunga safari ya maelfu ya kilomita kuja kuzaa katika maji ya joto ya Msumbiji, Madagascar, Tanzania na Kenya. Kuanzia Julai hadi Septemba, mwenye macho mazuri akisimama juu ya majabali ya Watamu au Malindi, aweza kuona mvuke wa pumzi ukiruka juu ya maji, kisha mgongo mweusi, na pengine mkia mpana ukizama polepole.

Ni kiumbe wa ajabu. Mkubwa wao hufikia mita 15 na uzani wa tani 30, na mapezi yake ya ubavuni ni marefu kiasi cha theluthi ya mwili. Ingawa anaishi majini, hupumua kwa mapafu kama sisi, huchukua mimba kwa muda wa karibu mwaka mzima, na humnyonyesha mwanawe. Dume huimba chini ya maji kwa saa nyingi. La kuzingatiwa zaidi ni hili: mama huyu awapo kwetu karibu hali kitu. Huishi kwa mafuta aliyoyahifadhi mwilini, na kutokana na mafuta hayo hayo humpa mwanawe maziwa. Hana akiba nyingine mpaka arudi kusini. Kila anapokimbizwa bure, huitumia akiba ile ambayo mtoto anaitegemea.

Sisi Waislamu wa pwani hatuna haja ya kufundishwa na mgeni kumtukuza kiumbe huyu. Kila mtoto wa chuoni amesikia kisa cha Nabii Yunus, amani iwe juu yake, alivyomezwa na samaki mkubwa na akaokolewa kwa kumsabihi Mola wake. Masheikh wetu pia hutusomesha habari za jeshi la masahaba lililoongozwa na Abu Ubayda bin al-Jarrah, walipokuwa wanakula majani kwa njaa, wakamkuta ufuoni nyangumi aliyetupwa na bahari, wakaishi kwa nyama yake siku nyingi. Ubavu wake ulisimamishwa, na ngamia akapita chini yake. Nayo ambari, inayotoka tumboni mwa nyangumi wa aina nyingine, ilikuwa bidhaa ya mwambao huu tangu zamani. Al-Masudi, aliyesafiri pande hizi mwaka 916, aliitaja.

Yaliyowapata nyangumi hawa katika karne iliyopita hayakutokana na njaa. Meli kubwa za mataifa ya mbali ziliwaua kwa maelfu huko kusini kwa ajili ya mafuta, mpaka wakakaribia kwisha. Mwaka 1963 kuwinda wenye nundu katika nusu ya kusini ya dunia kulipigwa marufuku, lakini meli za Kisovieti ziliendelea kwa siri kwa miaka kadhaa. Mwaka 1979, kwa ombi la Ushelisheli, Bahari Hindi ilitangazwa kuwa hifadhi ya nyangumi, na mwaka 1986 uwindaji wote wa biashara ukasimamishwa. Leo idadi yao imeongezeka sana, na ndiyo maana wazee na vijana wetu wanawaona.

Basi lililobaki liko mikononi mwetu. Hatari ya kwanza ni jarife. Nyavu hizi hutegwa usiku, na nyangumi akinaswa hufa maji kwa kukosa pumzi, au huondoka nalo mwilini. Hapa tusimlaumu mvuvi peke yake, kwani jarife likipotea ni mtaji uliopotea, na watoto nyumbani wangojea chakula. Hatari ya pili ni maboti ya kutembeza watalii, yanapomzunguka mama na mtoto ili mtu apate picha.

Twaona dawa ya mambo haya mawili ni moja. Mvuvi ndiye ajuaye mkondo, maji na upepo. Wenye maboti wangemwajiri awe kiongozi miezi hiyo, angekuwa na riziki bila ya kutega jarife katika njia ya nyangumi. Naye nahodha azime mashine mapema, akae umbali wa mita 100 au zaidi, asipite kamwe kati ya mama na mwanawe. Mtalii atakayengoja kwa utulivu ataona mengi kuliko anayekimbiza.

Hali kadhalika, walimu wa shule na wa madrasa wawapeleke watoto pwani msimu huu, wazee wawatajie majina ya pepo na ya viumbe. Na kaskazi ikirudi, wawaonyeshe ndege weupe wenye migongo myeusi na midomo minene, wanaokula kaa katika hori la Mida. Hao huzaliana kwenye mashimo ya mchanga huko Omani na Ghuba, kisha hutujia msimu ule ule waliojia mababu na majahazi yao.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwambao uliojengwa kwa kupokea wageni wa pepo mbili hauwezi kushindwa kumstahi huyu anayekuja kuzaa mlangoni mwake.