Mchumba Wako Anaunda Vigari? Usimkimbie!

Leo naomba tuiache kidogo mipira, muziki na ugomvi wa wapenzi. Tuzungumzie starehe moja ambayo watu wazima wengi wanaionea aibu: kuunda modeli. Yaani unachukua kitu kikubwa, liwe lori, pikipiki, meli au nyumba, unakitengeneza upya kikiwa kidogo cha kukaa mezani, lakini kila kitu kiko mahali pake.

Najua umeshaanza kucheka. "Huyu naye! Vigari si vya watoto?" Subiri kwanza, cheka mwishoni.

Nimezunguka sana Karagwe na Kyerwa, kuanzia Kayanga na Omurushaka hadi Nkwenda, na kule Murongo mpakani na Uganda. Popote penye migomba kuna watoto, na popote penye watoto kuna vigari. Wanaunda kwa waya, kwa vipande vya mbao, kwa maganda makavu ya mgomba, kwa mabua ya mtama. Tairi ni visoda au soli za ndala. Usukani ni fimbo ndefu inayofika kifuani, na dereva anakimbia nyuma ya gari lake huku mdomo ukiunguruma gia ya kwanza mpaka ya tano. Utaalamu umo humo humo! Nimeona kigari cha waya chenye springi zinazobonyea na usukani unaogeuza tairi za mbele kweli kweli.

Halafu mtoto huyo anafika darasa la 7, sauti inakuwa nzito, anaanza kuona haya. Kigari kinatupwa nyuma ya jiko, basi tena. Tumempoteza fundi akiwa na miaka 13! Jioni zinazofuata utamkuta kijiweni ameegemea ukuta, hana la kufanya na mikono yake. Mimi naona hiyo ni hasara, na nitakwambia kwa nini.

DADA ALINIVUTA PEMBENI

Juzi juzi dada mmoja wa Kyerwa alinivuta pembeni. Mchumba wake ana miaka 26, anaendesha bodaboda, hanywi, hana makuu. Tatizo ni nini?

"Kaka, akirudi jioni akishaoga anakaa na wembe na msasa anaunda malori. Shangazi zangu wamemwona. Wanasema huyo bado mtoto, atanilisha nini? Barua yake ya posa ipo nyumbani haijajibiwa. Wewe unaonaje?"

Si mchezo, barua ya posa imekwama kwa sababu ya kigari! Nikamuuliza: hela ya matumizi anaipunguza? Hapana. Ukimsemesha akiwa kwenye shughuli yake anakununia? Hapana, anampa kipande amshikie. Nikaomba na mimi nikaone kwa macho yangu.

Msomaji, nilikuta lori la kubeba ndizi, bodi yake haizidi urefu wa rula ya shuleni. Milango ya kabini inafunguka. Kioo cha mbele kimekatwa kwenye chupa ya maji. Mikungu ya ndizi imechongwa kwenye moyo wa bua, kidole kimoja kimoja, ikapakwa kijani. Nikamuuliza vipimo alivitoa wapi. Akasema, "Anko, nilimwomba dereva sokoni, nikalipima lenyewe kwa futikamba. Alinicheka, lakini aliniachia."

Kumbe rangi niliyoiona ilikuwa ya tatu. Ya kwanza ililia, ikaacha michirizi. Ya pili ilikamata vumbi kabla haijakauka. Kila mara alikwangua yote akaanza upya, na hakutupa hata kipande kimoja.

Nilimwambia dada wazi wazi: jibu la barua ni lako na wazee wako, mimi si mshenga. Ila mwanaume anayeweza kukwangua kazi ya siku 3 bila kutukana mtu, huyo hata mkija kukosana mtakaa mkazungumza. Kama angekuwa anakula hela ya chakula kwa ajili ya rangi, au anajaza harufu ya thina chumba mnacholala, hapo ungekuwa na kesi. Huna kesi.

MWAMBIE SHANGAZI HABARI ZA RUMANYIKA

Na kama shangazi bado anasema vitu vidogo ni vya watoto, mkumbushe historia ya kwao. Mukama Rumanyika wa Karagwe, yule ambaye jina lake liko kwenye Hifadhi ya Taifa ya Rumanyika-Karagwe iliyotangazwa mwaka 2019, aliwapokea Waingereza Speke na Grant mwaka 1861. Mwaka 1876 akaja Stanley, akaonyeshwa nyumba ya hazina. Aliandika kuwa aliona bata wapatao 16 wa shaba ya njano wenye mabawa ya shaba nyekundu, wanyama 10 waliokusudiwa kuwa pofu, wale swala wakubwa, na ng'ombe 10 wa shaba nyekundu wasio na vichwa!

Tena Karagwe inajulikana mpaka kwa wataalamu wa makumbusho kwa ng'ombe wake wadogo wa chuma, waliofuliwa na wahunzi, wenye pembe ndefu kama za ng'ombe wenyewe wa huku. Mapokeo yanamtaja Ndagara, baba yake Rumanyika, kuwa mfalme aliyekuwa na sifa ya uhunzi. Vitu hivyo havikuwa vya kuchezea, vilikuwa alama za utawala. Lakini shangazi atambue: mtu mzima, tena mwenye nchi, alitunza ng'ombe wa kushikika mkononi na hakuna aliyemwita mtoto.

Sasa tofauti iko wapi kati ya kigari cha mtoto na modeli ya mtu mzima? Mtoto anaunda gari apate kulikimbiza. Likikimbia, kazi imekwisha. Mtu mzima anaongeza mambo mawili: kipimo na umaliziaji. Tuyaangalie, maana huenda Jumapili hii ukataka kujaribu.

KIPIMO: KISODA NDICHO BWANA MKUBWA

Skeli ni ile ile uliyosoma kwenye ramani shuleni. Skeli ya 1:20 maana yake kitu chako ni kidogo mara 20 kuliko chenyewe. Lori lenye bodi ya urefu wa mita 6 na upana wa mita 2.4, ukigawa kwa 20, unapata sentimita 30 kwa sentimita 12. Dereva wa mita 1.7 anakuwa sentimita 8.5. Kidole cha ndizi cha sentimita 20 kinakuwa sentimita 1. Umeona? Hesabu ya darasa la 5, lakini ndiyo inayofanya macho ya mtu yakubali.

Vigari vingi vinaharibikia kwenye tairi. Kisoda kina upana wa kama sentimita 3. Zidisha kwa 20, unapata sentimita 60. Hilo ni tairi la gari dogo la saluni! Ukilifunga kwenye lori, lori linaonekana kama linapiga magoti. Tairi la lori lenye kimo cha mita 1 linataka sentimita 5, kwa hiyo kata soli ya ndala, uzungushe kwenye msasa mpaka iwe duara safi.

Na usione aibu kuchagua skeli kwa sababu ya vifaa ulivyonavyo. Kule Japani, kampuni ya Tamiya mwanzoni mwa miaka ya 1960 ilitoa modeli ya plastiki ya kifaru cha Kijerumani kiitwacho Panther. Ukubwa wake haukupangwa na profesa. Walitaka tu mota na betri zitoshe ndani. Baadaye walipopiga hesabu wakakuta ni kama 1:35, na leo hiyo ni skeli maarufu ya modeli za kijeshi duniani. Basi kama wao walitawaliwa na betri, wewe kutawaliwa na kisoda kuna ubaya gani?

UMALIZIAJI: HAPA NDIPO WENGI WANAPOKIMBIA

Kuunganisha vipande kila mtu anaweza. Shida inaanza pale lori limesimama, marafiki wamelisifia, na wewe unajua bado robo tatu ya kazi. Fuata hivi.

Kwanza, msasa. Namba ikiwa kubwa, msasa ni laini. Anza na 120, nenda 240, malizia na 400. Kwa mbao, piga kufuata nyuzi zake, usikate katikati.

Pili, ziba nyufa. Chukua unga wa mbao uliobaki kwenye msasa wako mwenyewe, changanya na gundi ya mbao mpaka iwe kama ugali laini, jaza, acha mpaka kesho. Ndiyo, kesho! Kisha piga msasa tena.

Tatu, praima, mkono mmoja mwepesi. Praima ni mmbeya, inatangaza kila kasoro uliyodhani umeificha. Ishukuru, rudi kwenye msasa.

Nne, rangi. Mikono mitatu myepesi inashinda mmoja mzito, na kila mkono ukauke kwanza. Karagwe ni nchi ya juu, asubuhi ina ukungu, na unyevu unaweza kuifubaza rangi au vanishi. Paka mchana jua likishatoka, na siku ya mvua fanya shughuli nyingine. Ukitaka mstari ulionyooka, bandika selotepu, paka, bandua taratibu. Thina na rangi za kupuliza zitumie nje penye upepo, mbali na jiko na kibatari. Mapafu ni yako.

Tano, vitu vidogo. Taa za nyuma zinapendeza kwa tone la rangi nyekundu ya kucha, likiwekwa kwa kijiti cha meno. Hapo kaka itabidi uwe na adabu, uombe kwa dada, usiibe! Ila dawa ya kuondolea rangi ya kucha iwe mbali na plastiki, inaiyeyusha.

Mwisho, vumbi. Lori la Karagwe likiwa safi kama limetoka dukani, ni lori la uongo. Chota udongo mwekundu wa pembeni ya barabara, ukaushe juani, uchekeche kwa kitambaa mpaka ubaki unga. Gusa kwa brashi laini kavu: mwingi chini ya milango na nyuma ya tairi, kidogo sana juu ya kabini. Kabla ya kupaka, kasimame barabarani uangalie lori la kweli vumbi linakaa wapi. Utashangaa miaka yote ulikuwa unalipita tu.

Na hapo ndipo faida yake ilipo, msomaji wangu. Ukishaunda kitu kimoja mpaka kikaisha, macho yanabadilika. Unaanza kuona jinsi mlango ulivyoning'inia, jinsi paa la msonge linavyoshuka mpaka karibu na ardhi, jinsi seremala wako alivyokulipua kwenye kabati. Unajifunza pia kumaliza. Tuna vijana wangapi wenye nyumba za dirisha moja, kozi za nusu mwaka, na biashara zilizoishia kwenye kibao cha jina? Lori la sentimita 30 halitatibu yote hayo, lakini ni mahali pa bei rahisi pa kuzoea kumaliza ulichoanza. Modeli za plastiki za dukani ni ghali na zinatoka mbali. Waya, bua, ndala na udongo mwekundu vipo.

Kwa hiyo nina ombi moja wiki hii. Nyumbani kwenu au kwa jirani kuna kijana wa darasa la 6 au la 7 ambaye kigari chake kiko njiani kuelekea nyuma ya jiko. Usimwambie "acha utoto." Mnunulie rula na karatasi mbili za msasa, 240 na 400. Mwambie akapime lori la kweli kwanza, halafu uone atakuletea nini.

Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.