Majengo ya Kilimo Yasiyotumika na Ufundishaji wa Ramani

Katika shule zetu nyingi somo la ramani limekuwa somo la kunakili. Mwalimu huchora ubaoni, mwanafunzi huchora daftarini, na mtihani hupima kama nakala hizo mbili zafanana. Mwanafunzi huhitimu akijua alama ya reli na alama ya kiwanda, lakini hajapata kuulizwa ni nani aliyeamua kwamba alama hiyo iwekwe pale, na kwa ushahidi gani. Kwa maoni yetu dosari hii yaweza kupunguzwa kwa kazi moja isiyo ya gharama kubwa, nayo ni kuwapeleka wanafunzi wakayaandike majengo ya kilimo yasiyotumika tena katika ramani ya pamoja ya kompyuta.

Ramani tunayoikusudia ni ile iitwayo OpenStreetMap, iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004. Mtu yeyote aliyejiandikisha aweza kuongeza kitu ndani yake au kusahihisha kilichoandikwa na mwingine. Hapa kwetu, kuanzia mwaka 2015, wanafunzi wa vyuo vikuu walishirikiana na wakazi wa Dar es Salaam kuichora mitaa inayokumbwa na mafuriko, katika mradi wa Ramani Huria. Vijijini, hata hivyo, majengo mengi huchorwa na watu walio mbali, wanaotazama picha za satelaiti. Picha hizo huonyesha paa. Hazionyeshi kama chini ya paa mna mashine, mna familia, au mna popo. Hilo analijua mtoto wa kijiji hicho, na kwa mara moja ujuzi wake wapita ule wa mtaalamu wa mbali.

Tutwae mfano wa mkoa wa Tanga. Mkonge uliletwa mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, na miche iliyonusurika safari ilikuwa 62 tu. Kufikia mwaka 1964 Tanganyika ilikuwa ikitoa zaidi ya tani 200,000 za singa kwa mwaka. Baadaye kamba za plastiki ziliingia sokoni, bei ikaanguka, na mashamba mengi yakapunguza kazi au kufungwa. Yapo yanayoendelea hadi leo. Lakini zimebaki pia korona zisizo na mashine, matuta ya reli za toroli yaliyoota majani, na kambi walimokaa manamba waliotoka mikoa ya mbali na nchi jirani.

Mabaki haya ni kitabu cha jiografia kilicho wazi. Singa ni kama sehemu 4 tu katika kila sehemu 100 za uzito wa jani. Zilizosalia ni maji na takataka. Jani, kwa hiyo, halikuweza kusafirishwa mbali, wala kukawia baada ya kukatwa. Na kuliosha kulihitaji maji mengi. Mwanafunzi aliyesimama mbele ya korona na kuulizwa, "Kwa nini hapa?" ataona mto, ataona tuta la reli likielekea shambani, na jibu atalipata mwenyewe. Kisha ataelewa kwa nini barabara ya kijiji chake imepinda, na kwa nini watu wa makabila mengi wanakaa pamoja mahali pamoja.

Faida kubwa zaidi, hata hivyo, ni nidhamu ya maneno. Ramani hiyo hutofautisha jengo lisilotumika lakini laweza kurudishwa kazini bila taabu kubwa, jengo lililoachwa likachakaa, na gofu. Kilichotoweka pasipo kuacha dalili yoyote hakiandikwi kabisa. Ili kuchagua neno moja kati ya hayo, mwanafunzi hana budi kutenga mambo matatu: aliloliona, aliloambiwa na wazee, na analolikisia. La kwanza ndilo la ramani. La pili liandikwe katika daftari la darasa, pamoja na jinsi lilivyopatikana. La tatu lingojee ushahidi. Hatujui somo jingine linalofundisha utengano huu kwa urahisi kiasi hicho.

Wapo watakaosema kwamba saa za vipindi hazitoshi kuhesabia magofu. Twajibu kwamba ziara moja hufundisha vipimo, pande za dunia, historia na uandishi wa taarifa. Pingamizi lenye uzito zaidi lahusu ardhi. Mashamba ya zamani yana madai mengi, na neno likiwekwa kwa uzembe laweza kumdhuru mtu. Mwanafunzi afundishwe, basi, kwamba "halitumiki" si sawa na "halina mwenyewe". Ramani yaeleza hali ya jengo; haigawi ardhi. Na iwapo ndani ya kambi ya zamani wanakaa watu, hiyo ni nyumba, nayo iandikwe nyumba; majina ya wanaokaa humo yasiandikwe.

Usalama nao ni wajibu wa mwalimu. Ruhusa iombwe kwa serikali ya kijiji na kwa mwenye shamba. Wanafunzi wasiingie chini ya paa bovu, wala wasishuke katika josho la ng'ombe lililoachwa, kwa kuwa zamani baadhi ya majosho yalitiwa dawa zenye aseniki, sumu inayodumu udongoni kwa miaka mingi.

Vifaa visitutishe. Simu moja kwa kundi yatosha kupata longitudo na latitudo. Mengine ni karatasi, penseli, na kamba iliyopimwa mita. Makundi mawili yalitazame jengo lile lile kila moja peke yake, kisha yajadiliane yanapohitilafiana, kabla neno halijaingizwa katika ramani. Wasinakili ramani nyingine yenye hakimiliki, kwani ndiyo kasoro ile ile tunayotaka kuiondoa.

Wanachuo wetu watapelekwa kufundisha katika kila pembe ya nchi. Twapendekeza kwamba kila mmoja, kabla ya kumaliza mazoezi ya kufundisha, awe ameongoza darasa lake kuliandika walau jengo moja la aina hii, na awe tayari kuutetea ushahidi wa kila neno aliloliweka.