Utafiti wa tabianchi usiishie mpakani

Ndugu zetu, leo tuongee jambo ambalo wengi wanaona ni la mawaziri na maprofesa tu: mipango ya nchi kuhusu tabianchi. Sisi tunasema linatuhusu, tena sana.

Chini ya Mkataba wa Paris wa 2015, kila nchi inaandika ahadi zake na kuzipitia upya kila miaka 5. Kenya iliahidi kupunguza hewa chafu kwa asilimia 32 ifikapo 2030. Uganda, mwaka 2022, ikaahidi asilimia 24.7. Lakini ahadi hizo zinagusa pia maji, kilimo na mafuriko. Huko ndiko sisi wa Lunyo, Busia na Tororo tunakoumia, maana moshi wetu ni wa jiko la makaa na bodaboda tu.

Sasa angalia ramani. Mvua ikinyesha Mlima Elgon, Mto Malaba unajaa, na maji hayaulizi kitambulisho. Mei 2020, na tena Mei 2024, Ziwa Victoria lilipanda kuliko lilivyowahi kupimwa. Fukwe za Kenya na za Uganda zote zilifunikwa.

Nchi hizi mbili zinalijua hilo. Kupitia shirika la Bonde la Mto Nile zimechunguza pamoja bonde la Sio-Malaba-Malakisi, pamoja na mradi wa bwawa la Angololo kwenye Mto Malaba, ambalo maji yake ni ya pande zote mbili. Huo ndio ushirikiano tunaoutaka.

Swali letu ni moja: utafiti unahesabu nani? Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya 2006 inaturuhusu kufanya kazi na kutembea, kwa hiyo si kila mkimbizi anakaa kwenye makazi ya wakimbizi. Mtafiti akitafuta wakimbizi kule tu, na huku akatumia orodha ya wenyeji tu, yule aliyepanga chumba karibu na boda atamkosa.

Wapo watakaosema, "Nyinyi ni wageni, mtarudi kwenu." Sawa, kurudi tunatamani. Lakini leo tunachota kisima kimoja na wenyeji. Kisima kikipangiwa watu 200 na wanaochota ni 300, kikikauka kinakauka kwa wote. Kutuhesabu si kutupendelea sisi, ni kumlinda pia mama mwenye nyumba.

Julai 2022, kwa Tamko la Kampala, serikali za kanda hii zilikubali kwamba uhamaji na tabianchi vishughulikiwe pamoja. Basi tunaomba mambo 3. Watu wahesabiwe pale wanapolala. Maswali yawe yaleyale Busia ya Kenya na Busia ya Uganda, ili majibu yalinganishwe. Na matokeo yarudishwe kwetu kwa Kiswahili, Lusamia, Ateso na Kiarabu cha Juba, sio ripoti nene ibaki Kampala na Nairobi.

Nanyi vijana wenzetu, mtafiti akibisha hodi msimwambie, "Sisi ni wapita njia tu." Mwambieni mnachota maji wapi, mafuriko yalifika wapi, na shamba la kukodi lilizaa nini msimu uliopita. Usipoandikwa kwenye utafiti, kwenye mpango hutakuwamo.