Ndugu dereva, unaona nini ndani ya vumbi?

Ndugu dereva, hebu tuulizane. Ni saa kumi na mbili asubuhi, mwezi wa Januari, nawe unapita Nyakasanza na kamio ya watu wa zamu. Mbele yako imepita kamio nyingine, nayo imeinua vumbi jekundu mpaka juu ya paa za nyumba. Unawasha taa kubwa. Unaona nini? Unaona vumbi tu, limewaka mbele ya uso wako kama ukuta. Mwanga wa taa zako umegonga punje za vumbi na kukurudia machoni. Nyuma ya ukuta huo yuko mama aliyejitwika ndoo, yuko mtoto wa shule, yuko na motari ambaye taa yake imekufa tangu juzi.

Mimi nimelijua jambo hili nikiwa kwenye usukani. Siku moja nilifunga breki kwa sababu tu nilisikia mtu akipiga kelele. Niliposhuka nikamkuta mzee na baiskeli yake mbele ya bampa, karibu kiasi cha kupeana mkono. Utaniuliza, je, ulikuwa ukikimbia? Hapana, nilikuwa nikienda mwendo wa kila siku. Basi mwendo wa kila siku ndio uliokuwa mkubwa mno kwa macho yangu ya asubuhi ile.

Siku hizi kipo chombo kinachoweza kumwona mzee yule: kamera ya joto. Kila kitu hutoa miali ya joto isiyoonekana kwa macho. Mtaalamu William Herschel aligundua miali isiyoonekana ya jua huko Uingereza mwaka 1800, naye alitumia kipimajoto. Kamera hii haiwashi taa yoyote. Yenyewe hupokea joto linalotoka kwa mtu, kwa mnyama au kwenye injini, na kulichora kwenye kioo kidogo cha picha mbele ya dereva. Kwa kuwa haitoi mwanga, hakuna mwanga wa kumrudia. Tena mawimbi ya miali hiyo ni marefu zaidi ya mara kumi kuliko ya mwanga tunaouona, kwa hiyo moshi na vumbi jembamba havizuii sana. Wazima moto wanaitumia kutafuta watu ndani ya moshi. Mafundi wa umeme wanaitumia kutafuta kiungo kinachopata moto kabla hakijaungua. Cadillac ya mwaka 2000 iliuzwa nayo huko Marekani.

Wako wenzetu wanaosema hiyo ni anasa ya matajiri. Mimi sikubali. Fikiri juu ya mambo tunayowaambia watu wa barabarani: vaa koti linalong'aa, beba tochi, tembea pembeni. Huyo mama wa Nyakasanza atapata wapi koti linalong'aa? Na pembeni ni mtaro. Kamera ya joto haimwombi anunue kitu. Mwili wake unatosha. Na mji wetu wa Bunia uko juu, zaidi ya mita 1,200 kutoka usawa wa bahari. Alfajiri yetu ni ya baridi, ardhi imepoa, kwa hiyo mtu huonekana vizuri kuliko saa nane ya mchana, wakati barabara yenyewe ina joto kama ngozi.

Lakini usidanganyike, ndugu. Ukungu mzito wa matone makubwa huizuia kamera hii, na mvua kubwa pia. Halafu kuna jambo moja ambalo linanitia hofu. Kamio iliyoharibika jana na kulala barabarani, injini imepoa usiku kucha: kwenye kioo cha picha inaweza kufifia na kufanana na barabara. Matawi ya miti ambayo mwenzako ameyaweka nyuma yake ili kukuonya yatafifia vilevile. Shimo na jiwe ni hivyo hivyo. Dereva anayeona watu waking'aa kwenye kioo, akajisemea kwamba sasa njia anaiona yote na kuongeza mwendo, huyo ni wa hatari kuliko yule asiye na kamera.

Kwa hiyo mimi nasema hivi. Kampani inunue kamera hizi, na zisianzie kwenye makamio makubwa ya ndani ya mgodi, ambako watu wanaotembea kwa miguu ni wachache na kila mmoja ana kofia na redio. Zianze kwenye magari ya zamu yanayopita katikati ya makazi ya watu alfajiri na jioni. Gari la kumwaga maji barabarani lisipunguziwe mafuta eti kwa kuwa kamera zimekuja. Na mwendo uamuliwe na kile unachokiona kupitia kioo cha mbele.

Hata sisi wachimbaji tunahusika na chombo hiki kuliko unavyodhani. Lenzi zake nyingi hutengenezwa kwa gerimani, kwa sababu kioo cha kawaida hakipitishi miali hiyo. Gerimani ilitoka Kipushi zamani, na mwaka 2024 kampuni ya STL, iliyo chini ya Gécamines, ilianza kuuza nje madini yaliyokolezwa yenye gerimani kutoka kwenye kilima cha taka za kiwanda huko Lubumbashi.

Na kwa sababu hiyohiyo ya kioo, kamera hufungwa nje, mbele ya gari, mahali penye tope. Lenzi ikifunikwa na tope haioni kitu. Kabla ya kufunga ya kwanza, iandikwe kwenye karatasi ya ukaguzi wa asubuhi ni nani ataiosha, dereva au msaidizi wake, na maji safi na kitambaa laini viwekwe ndani ya gari.