Numero ya mchezaji marehemu irithishwe, isizikwe

Kijana mchezaji akifariki, iwe kwa ugonjwa, kwa ajali ya barabarani, kwa maji ya ziwa au kwa risasi, mara nyingi timu yake haina kitu cha kumpa isipokuwa jezi. Wenzake huibeba mbele ya jeneza, na kabla kilio hakijaisha hutokea pendekezo: numero yake isivaliwe tena na mtu yeyote. Pendekezo hilo linatoka katika upendo na hakuna wa kulibeza. Lakini katika mji wa Uvira na vijiji vya ukingo wa Tanganyika, kutoka Kavimvira hadi Makobola, linafaa kupimwa vizuri kabla ya kukubaliwa.

Desturi hiyo imetoka mbali. Mwaka 1934 ilionekana Toronto, nchini Kanada, katika hoki ya kwenye barafu, mchezo wa watu wanaoteleza kwa viatu vyenye vyuma na kupigania kisahani kwa magongo. Ace Bailey, mchezaji wa Toronto Maple Leafs, alikuwa ameangushwa katika mechi ya Boston mwezi Desemba 1933, akavunjika fuvu la kichwa. Madaktari waliokoa maisha yake, lakini hakucheza tena. Februari 1934 ikachezwa mechi maalum, fedha za viingilio zikaenda kwake na kwa familia yake, na numero 6 aliyokuwa akiivaa ikawekwa pembeni. Siku hiyo heshima ilikwenda pamoja na msaada.

Kuna jambo la pili katika habari ya Bailey ambalo watu husahau. Mwaka 1968 yeye mwenyewe, akiwa bado hai, aliomba numero 6 itolewe apewe kijana Ron Ellis, kwa sababu alipendezwa na uchezaji wake. Ellis akaivaa katika miaka yake iliyobaki ya kuichezea timu hiyo. Mwenye numero hakuona kwamba amenyang'anywa kitu. Aliona amepata mrithi.

Kongo nayo ina mtoto wake katika orodha hiyo. Numero 55 ya Dikembe Mutombo, mzaliwa wa Kinshasa, ilitundikwa na timu ya basketi ya Atlanta mwezi Novemba 2015, na ile ya Denver ikafuata mwaka 2016. Lakini tangu Mutombo afariki Septemba 2024, Wakongomani wanaomtaja hawaanzi na jezi. Wanaanza na hospitali ya Biamba Marie Mutombo jijini Kinshasa, yenye jina la mama yake, aliyekufa mwaka 1997 bila kufikishwa hospitalini. Inapokea wagonjwa tangu 2007. Jezi za Marekani zinaonwa na mwenye tiketi. Hospitali inamfaa hata mtu asiyewahi kugusa mpira wa basketi.

Atlanta na Denver ni klabu tajiri. Zina ukumbi wa kutundikia, zina makarani wa kuandika historia, na nguo si shida kwao. Timu ya vijana ya Kimanga, Mulongwe au Kalundu ina seti moja ya jezi, tena mara nyingi imenunuliwa kwa mchango wa wazazi au zawadi ya mfanyabiashara. Numero 9 ikitolewa, mtoto mmoja atakaa nje au atacheza na fulana ya nyumbani. Na hiyo jezi iliyotolewa itawekwa wapi? Timu haina ofisi. Itawekwa nyumbani kwa kocha, ndani ya sanduku. Kila mtu mjini anakumbuka Aprili 2020, mto Mulongwe ulipofurika ukabomoa nyumba na kuua watu, na jinsi maji ya ziwa yalivyopanda na kuingia mitaani. Kumbukumbu inayotegemea kipande cha kitambaa inaweza kwenda na maji usiku mmoja.

Kinachokosekana zaidi ni maandishi. Usiku wa tarehe 2 Julai 2010, pale Sange, katika bonde la Ruzizi, lori la mafuta lilipinduka likawaka moto. Zaidi ya watu 230 walikufa. Wengi walikuwa wamekusanyika kuangalia robo fainali za Kombe la Dunia, na wengine walikuwa watoto. Wengi walizikwa katika makaburi ya pamoja. Miongoni mwao walikuwamo vijana waliocheza kila jioni kwenye viwanja vya vumbi vya hapo. Ni timu gani leo ina daftari linaloonyesha nani alicheza pembeni kushoto na nani alikuwa kipa? Mtu asiyeandikwa popote hawezi kutunziwa numero.

Tena heshima kwa aliyekufa haina maana kama hailindi aliye hai. Aprili 2019, Papy Faty, mzaliwa wa Bujumbura, mji ambao taa zake huonekana usiku kutoka Uvira, alianguka uwanjani nchini Eswatini na kufa akiwa na miaka 28. Ilikuwa majuma machache tu tangu Burundi ipate nafasi yake ya kwanza katika Kombe la Afrika, na tatizo lake la moyo lilikuwa limejulikana. Miaka 16 kabla yake, Marc-Vivien Foé wa Kameruni alikufa kwa namna hiyo hiyo pale Lyon. Manchester City iliondoa numero 23 aliyokuwa akiivaa, lakini heshima iliyo kubwa zaidi kwake ni kwamba vipimo vya moyo vilianza kupewa uzito katika mashindano makubwa.

Basi timu za Uvira zifanye nini? Jibu limo katika mila za hapa hapa. Mtu akifa, kuna muda wa matanga, na matanga huondolewa. Katika familia nyingi mjukuu hupewa jina la babu aliyetangulia. Jina halifungiwi ndani eti kwa sababu linapendwa. Hupewa mtoto kwa sababu hiyo hiyo, na mtoto hufundishwa alikuwa nani aliyelibeba mbele yake.

Numero ifuate njia hiyo. Ikae bila kuvaliwa msimu mmoja, uwe msimu wa maombolezo. Msimu ukiisha, familia ya marehemu iitwe uwanjani, na mama au kaka yake amvalishe jezi kijana atakayeirithi. Siku hiyo ichezwe mechi, na mchango uende kwenye minervali ya wadogo zake marehemu na kwenye sanduku la dawa la timu, lenye bandeji na maji safi, pamoja na namba ya simu ya muuguzi aliye karibu. Jina lake liandikwe katika daftari, na nakala iwekwe kwa viongozi wa entente ya mpira, ili nyumba moja ikibomoka kumbukumbu isipotee.

Wapo watakaosema kwamba kumwona mwingine ndani ya numero hiyo kutafungua kidonda. Ni kweli, na ndiyo maana familia lazima iulizwe kwanza, na ikikataa isilazimishwe. Lakini jezi iliyofungiwa sandukuni itasahaulika wachezaji wa sasa wakishakuwa wazee. Jezi inayokimbia uwanjani huulizwa habari zake kila msimu. Mtoto wa miaka 12 akiuliza kwa nini amepewa 9, kocha awe na jina la kumtajia, na daftari la kumwonyesha.